Seti ya nje, daftari la mtoto au kitabu cha TET? Kufundisha viumbe na imani nyumbani hapa Mwanza

Mzazi Mkristo anayetaka kumfundisha mwanawe viumbe nyumbani huanza kwa kuuliza bei, kisha lugha. Ni maswali ya haki. Ila kwa somo hili la mimea, wanyama, mawe na ziwa, mimi naanzia kwingine: siku mtoto akiona kwa macho yake kitu kisicholingana na alichosomewa, njia uliyochagua itamsaidia au itamnyamazisha? Zipo njia tatu za kweli mbele ya mzazi wa hapa, na ukizipima kwa swali hilo hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza ni seti kamili ya vitabu vya Kikristo kutoka nje, nyingi zikiwa za Marekani, ambamo kila somo limepangiwa siku yake, maswali yake na aya yake ya Biblia. Ya pili ni daftari la maumbile. Hii ilienezwa na Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyeishi kati ya 1842 na 1923, na kuieleza hakuchukui muda: mtoto atoke nje, atazame kitu kimoja kwa utulivu, akichore, kisha asimulie kwa maneno yake alichokiona. Ya tatu ni kitabu cha Sayansi cha Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), kile kile cha shuleni, mzazi akikaa na mtoto mezani na Biblia pembeni.

Tumalize kwanza habari ya sheria, maana wapo wanaosoma mambo ya Marekani mtandaoni wakadhani ndiyo ya hapa. Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi na ahakikishe anahudhuria, na mtihani wa darasa la saba mtoto husajiliwa kupitia shule. Kwa hiyo wengi wetu tukisema tunafundisha nyumbani tunamaanisha jioni, Jumamosi na likizo. Ukitaka kumtoa mtoto shuleni kabisa, anzia kwa afisa elimu wa kata yako, usianzie kwenye kundi la WhatsApp. Nitakayosema hapa yanawafaa wote, wa muda wote na wa Jumamosi.

Seti ya kutoka nje

Sitaidharau. Mama aliyeachana na baiolojia zamani, na ambaye saa moja usiku ndiyo kwanza anashuka kwenye daladala ya Buhongwa, anahitaji kitabu kinachomwambia: leo fungua ukurasa huu, soma hapa, uliza hivi. Seti inamfanyia hivyo. Majaribio yamepangwa, majibu yako nyuma, na Muumba hajasahauliwa hata sura moja. Mtoto anayesoma Kiingereza vizuri anaweza kwenda mbele mwenyewe huku wewe ukisonga ugali.

Shida yake ya kwanza ni mahali. Imeandikwa kwa ajili ya mtoto mwenye majira manne. Oktoba anaambiwa akaokote majani yaliyogeuka rangi ya chungwa, wakati sisi Oktoba tunasubiri mvua za vuli zituoteshee majani mapya. Januari anachora theluji. Ziwa la kitabuni linaganda, watu wanaliteleza kwa viatu vya chuma. Mtoto wa Nyegezi anaweza kupata vema zote katika kitabu hicho na bado asimjue mdiria mweusi-mweupe anayeelea hewani juu ya maji pale Luchelele, mabawa yakipiga papo hapo, kabla hajajitupa kichwa chini kumfuata samaki. Ukimwuliza Mungu aliumba nini, anakutajia dubu.

Shida ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kwamba majibu yamefika kabla ya maswali. Hili nalieleza kwa pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini.

Pimbi, Mithali na Walawi

Kisiwani Saanane pimbi wapo wengi, na kwenye majabali ya mjini bado unawakuta pale ambapo mbwa na ujenzi havijawamaliza. Biblia ya Kiswahili tuliyoizoea inawaita wibari, na inawataja mara nne: Walawi 11:5, Kumbukumbu la Torati 14:7, Zaburi 104:18 na Mithali 30:26.

Mpeleke mtoto asubuhi, jua likiwa limeanza kupasha mawe. Atawakuta wamelaliana wanaota jua, kwa sababu miili yao haitunzi joto vizuri kama ya wanyama wengi wanaonyonyesha. Mmoja amekaa juu peke yake. Tai akipita, huyo anapiga mlio na wote wanaingia mianyani kwa mara moja. Akitazama jabali lenyewe ataona michirizi myeupe inayoshuka: ni mkojo, maana ukoo mzima una choo kimoja. Nyayo zao ni laini na zina unyevu, ndiyo maana hawatelezi kwenye jiwe lililosimama wima. Na hapo unaweza kumwambia jambo ambalo watoto wengi hulikataa mwanzoni, kwamba kati ya wanyama walio hai leo, walio karibu kabisa na pimbi kwa undugu ni tembo na nguva.

Ukifungua Mithali 30 hapo hapo, kila kitu kinakaa sawa. Wanyama dhaifu, nyumba kwenye miamba, na akili ya kujua udhaifu wao. Na aya zinazozunguka hapo zinawataja pia chungu, nzige na mjusi, ambao wote wako kwenye jabali hilo hilo, mjusi akiwa yule dume wa kichwa chekundu anayepiga pushapu. Hizo ni Jumamosi nne bila kununua kitu.

Sasa fungua Walawi 11. Imeandikwa kwamba wibari hucheua.

Mtoto aliyekaa akatazama kweli atakurudia: "Baba, mbona hawa hawacheui? Wanatafuna tu."

Na ana haki. Pimbi huchezesha taya upande kwa upande hata kama hana kitu mdomoni, lakini harudishi chakula kutoka tumboni kukitafuna upya kama afanyavyo ng'ombe. Mfugaji yeyote wa Kisukuma atakuonyesha tofauti hiyo kwa kidole.

Hapo njia tatu zinaachana. Seti ama haikupitia kwa pimbi kabisa, maana huko ilikoandikwa hawapo, ama ina kisanduku cha majibu ambacho mtoto anakisoma kabla hajamwona mnyama, na akishakisoma swali lenyewe halizaliwi. Kitabu cha TET hakina Walawi, kwa hiyo mgongano huo hautatokea mezani. Utatokea baadaye, mtoto akiwa peke yake. Daftari ndilo linaloleta swali mikononi mwako likiwa bichi. Aliyoyaona yameshaandikwa kwa mkono wake, huwezi kuyafuta. Utajibu nini? Mimi nadhani jibu si gumu: sheria ile walipewa watu wa kawaida ili wajue nini cha kula na nini cha kuacha, nao walimtambua mnyama kwa kumtazama, na anayemtazama wibari anaona taya linalosaga muda wote. Mzazi mwingine atajibu vingine, au atasema, "Sijui mwanangu, Jumapili tutamuuliza mchungaji." Hilo nalo linatosha. Mtoto ameona kwamba Biblia ya nyumbani kwao inaweza kuulizwa swali na baba asikasirike.

Wazazi wengi huogopa hapa, nami naelewa. Lakini swali hilo halifi kwa kutoulizwa. Ataliuliza kidato cha tano, na hatakuuliza wewe.

Daftari lenyewe linavyokuwa

Kaunta buku, penseli, kifutio. Rangi si lazima. Juu ya ukurasa tarehe, saa, hali ya hewa na mahali. Katikati mchoro, hata kama ni mbaya, na uache kumsahihishia. Chini yake mistari mitatu au minne ya alichokiona, kisha swali moja ambalo hajalijua jibu lake. Aya ya Biblia ikae mwisho kabisa, tena si kila ukurasa. Mtoto akishajua kwamba kila mdudu lazima aishie kwenye aya, anaacha kumtazama mdudu na kuanza kutafuta aya. Nimeona madaftari ya namna hiyo: kila mnyama "anatufundisha kuwa na bidii", na michoro yote imenakiliwa kutoka kwenye simu.

Wanaohofu kwamba kutazama bila kuhubiri ni kupunguza imani wasome 1 Wafalme 4:33. Hekima ya Sulemani inaelezwa hapo kwa habari ya miti, wanyama, ndege, vitambaavyo na samaki. Ayubu 12:7-8 inakwenda mbali zaidi, inamtuma mtu akawaulize wanyama na samaki.

Kwa familia yenye nyumba mlimani ukurasa mzuri kuliko yote uko dirishani usiku. Mtoto ahesabu taa za wavuvi wa dagaa ziwani na achore mwezi kando yake, kila jioni kwa mwezi mmoja. Ataona taa zikipungua mwezi unapokaribia kuwa mpevu, maana dagaa hufuata taa gizani, na mbalamwezi ikiwaka taa haiwavuti. Akishaligundua mwenyewe, msomee Luka 5, Petro aliyesumbuka usiku kucha asipate kitu. Mtoto wa Mwanza anaielewa sura ile kwa namna ambayo kitabu kilichoandikwa mbali na ziwa hakiwezi kumpa.

Udhaifu wa daftari nao ni mkubwa. Linataka mtu mzima awepo, kwa mwili na kwa subira, na simu iwe mfukoni. Linaacha mapengo: hakuna mtoto aliyewahi kujifunza sumaku, umeme au mmeng'enyo wa chakula kwa kutembea ufukweni. Na majina yanatushinda. Utamwona ndege, umchore, usijue anaitwaje. Dawa yake ni kuuliza. Bibi anayajua mengi kwa Kisukuma, wavuvi wanayajua mengine. Andika jina ulilopewa, la kitabuni litafuata.

Kitabu cha TET, ambacho hakina mtu wa kukisifia

Hakina picha za kuvutia na hakimtaji Muumba. Ndiyo sababu wazazi wa makanisani wanakiruka. Nadhani wanakosea.

Kiko kwa Kiswahili, kinafuata mtaala ambao mtoto atapimwa nao, na kwenye maktaba ya mtandaoni ya TET kinasomwa bure. Mtaala ulioanza 2024 umeweka hata somo la Jiografia na Mazingira, kwa hiyo udongo, maji na hali ya hewa vina nafasi yake. Tena, kwa sababu hakisemi lolote la dini, kinakuachia wewe. Seti ya nje inakuamulia theolojia bila kukuuliza: nyingi zinafundisha kwamba siku za Mwanzo 1 ni siku sita za saa 24 na kwamba dunia ina umri wa miaka kama 6,000. Msabato, au Mpentekoste anayeamini hivyo, ataikuta inamfaa. Mkatoliki ajue kwamba Kanisa lake halimlazimishi kuamini hesabu hiyo. Mwanglikana na Mlutheri wazungumze na wachungaji wao kabla ya kulipa dola.

Jambo hili si la mbali. Liko kwenye sufuria. Furu, wale samaki wadogo ambao jike wao hubeba mayai na vifaranga mdomoni, wapo wa aina mamia katika Ziwa Victoria, na wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Wanasayansi waliochunguza mashapo ya chini ya ziwa wanasema lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita, na kwamba wingi huo wa furu umetokea baada ya maji kurudi. Ukitumia seti ya dunia changa, tarehe hiyo itakataliwa. Ukitumia TET, mtoto atakutana na nadharia ya mabadiliko ya viumbe akifika sekondari, bila mtu wa imani pembeni yake kama hujajiandaa. Ukitumia daftari peke yake, hatakutana nayo kabisa, ila atakuwa amemwona furu jike akitema vifaranga kwenye ndoo. Chagua ukijua unachagua nini.

Habari ya sangara nayo inazitenga njia hizi. Alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Seti haitasema neno. Kitabu cha shule kitakupa uharibifu wa mazingira kwa jumla. Lakini mpeleke mtoto mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, amkute mvuvi mtu mzima, aseme, "Shikamoo babu," kisha aulize ni samaki gani waliokuwepo zamani na sasa hawaonekani. Atapata somo la saa nzima, na Mwanzo 2:15, bustani ya kulimwa na kutunzwa, itakuwa na uzito mwingine. Usimgeuzie tu sangara kuwa shetani wa hadithi. Viwanda vya minofu vimesomesha watoto wengi wa mji huu, huenda na wewe ni mmoja wao. Mtoto wa miaka kumi anaweza kubeba yote mawili.

Konokono

Hapa wapenzi wa daftari, nikiwemo mimi, tunapaswa kuwa wakali. Michoro ya watoto wa Ulaya wakichezea maji kwa miguu mitupu haitufai. Ufukwe wa Ziwa Victoria una kichocho. Konokono wadogo wa maji ya kina kifupi ndio wanaobeba vijidudu vyake, vijidudu hivyo vikitoka vinaogelea na kupenya ngozi, tena hutoka kwa wingi jua likiwa kali, saa ile ile watoto wanapopenda kuingia majini. Kando ya ziwa tunakisumbukia zaidi kichocho cha tumbo. Cha mkojo kimeshika zaidi mbali na ziwa, kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga. Kwa hiyo sheria ni moja: mtoto asimame kwenye jiwe kavu, maji yachotwe na mtu mzima aliyevaa buti na glavu za mpira, na konokono waguswe kwa kibanio. Mamba nao wapo. Wenyeji wa sehemu hiyo ndio wa kuwauliza kabla hamjashuka.

Na konokono huyo ni somo la imani ambalo seti nyingi hulikwepa, zikibaki na vipepeo na upinde wa mvua. Mtoto wa kando ya ziwa anamfahamu mwenzake aliyevimba tumbo. Amekunywa dawa za kingatiba shuleni. Ukimfundisha kwamba uumbaji ni uzuri mtupu, atajua humwambii yote. Warumi 8:22, viumbe vyote vinavyougua pamoja, iko kwenye Biblia ile ile yenye Zaburi 104. Kitabu cha TET kinakupa sayansi ya magonjwa. Wewe ongeza aya hiyo na maombi kwa ajili ya wagonjwa, na mfundishe kunawa na kutumia choo. Katika sura hii moja, TET na Biblia vinaishinda seti kwa mbali, na vinalishinda hata daftari.

Nani achukue ipi

Kama hakuna mtu mzima nyumbani mchana, na mtoto analelewa na dada wa kazi mpaka usiku, usijidanganye na daftari. Chukua TET kwa siku za wiki. Jumamosi moja moja mtoke pamoja. Wasabato wana nafuu hapa, wana mazoea ya kutembea nje Sabato alasiri na vijana wao wa Watafuta Njia. Makanisa mengine yangeweza kuiga bila kuona haya.

Kama unafuata mtaala wa nje kwa sababu mtoto atahamia huko, seti ina maana. Ichukue nzima, ila sura za majira na wanyama wa baridi zifupishe, na nafasi yake ijazwe na daftari la hapa.

Wengine wote, na ndio wengi, ningewashauri kitabu cha TET kiwe uti wa mgongo na daftari liwe nyama yake, Biblia ikifunguliwa baada ya jicho kufanya kazi yake. Kwa mtoto wa chini ya miaka sita acha hata TET. Mason mwenyewe hakutaka masomo rasmi kabla ya miaka sita, na katika hilo nakubaliana naye. Mtoto wa darasa la tano na kuendelea anahitaji kitabu zaidi kuliko tunavyopenda kukiri, kwa sababu mtihani hauulizi alichokiona kwenye jabali.

Kuhusu gharama sina la kurefusha: seti inalipwa kwa dola na kusafirishwa, TET ni bando la intaneti, daftari ni kaunta buku. Kwenda Saanane kuna kiingilio na boti fupi kutoka Capri Point. Ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, kwa hiyo beba vyeti vya kuzaliwa au vitambulisho vya watoto ili msichanganywe kwenye bei ya wageni. Panda boti ya asubuhi. Kufika saa sita mchana pimbi wanakuwa wameingia mianyani kukimbia joto, na mtoto atarudi na mchoro wa mawe matupu.